Deni la Shikamoo

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa mbili kasoro robo asubuhi, basi lililotoka Ifakara lilipita Sanje katika mvua ya rasharasha. Mzee Salvatory, aliyelelewa na kengele ya shule ya bweni, alisikiliza maneno ya kiti cha nyuma bila kugeuza shingo.

“Namtoa binti yangu chuoni kwenu,” alisema Masanja, mfugaji. “Likizo nilimkuta alfajiri kakaa, kafumba macho. Nimesimama mbele yake, shikamoo hakuna!”

“Alikuwa akiitazama pumzi yake, baba,” alijibu Yunis, mwalimu wa chuo hicho. “Funzo hilo tumelipata kwa Wabudha. Tunalea akili, mwili na moyo pamoja. Dini habadili.”

“Pumzi inatazamwa? Basi ng’ombe wangu wote wana digrii!”

Salvatory alitaka kucheka, akashindwa. Bwenini kwao ukimya ulikuwa nidhamu, na salamu ilikuwa nidhamu; ipi ilipaswa kutangulia, hakuwahi kufundishwa.

Basi likasimama Kidatu. Yunis akainama kidogo. “Shikamoo, baba. Nailipa ile ya binti yako.”

“Marahaba. Ya kwako nimeipokea,” alisema Masanja akishuka. “Ya binti yangu ataileta mwenyewe.”