Mwalimu Judica na Milango Kumi na Mmoja

Ijumaa, 26 Septemba 2025. Nimepewa ukurasa mmoja wa ratiba ya sherehe hii, nami nimeahidi kueleza yote, hata lile ambalo Mwalimu angependa niliruke. Jumanne ijayo, tarehe 30, Mwalimu Judica Rugambwa anastaafu baada ya kufundisha baiolojia kwa miaka thelathini na mitatu: kumi na mmoja Bukoba mjini, na ishirini na miwili hapa kwetu Muleba.

Januari 2013 chuo kikuu kimoja cha Ufini kilimwalika kwa miezi sita kama msomi mgeni, atafiti namna ya kufundisha sayansi kwa mimea ya nyumbani. Alibeba makoti mawili, picha za migomba ya Ngenge, wilayani kwetu, iliyougua mnyauko, na mfuko wa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Kwetu mgeni hupewa kahawa hiyo, naye alitaka wenyeji wakija kumwona asiwe na mikono mitupu.

Alipewa ofisi, kompyuta na ufunguo. Akaketi kungoja. Kwetu mgeni hazunguki akibisha milango ya watu. Mwenyeji ndiye huja kumjulia hali. Kila asubuhi alipanga buni zake kwenye kisahani, na kila jioni akazirudisha mfukoni. Watu walipita ukumbini kimya. Wao walidhani hataki kusumbuliwa; yeye alidhani hawamtaki. Siku ya kumi na tisa ikaja barua: kwa kuwa hajawasilisha mpango wa utafiti, nafasi yake itafikiriwa upya.

Hapo alilia. Ndilo alilotaka niliruke. Kisha akanawa uso, akachukua kisahani chake na kubisha milango kumi na mmoja. Kwenye mlango wa nne alimkuta profesa wa mimea, ambaye alishukuru sana, akazitia buni pamoja na maganda yake kwenye mashine ya kusagia, na mashine ikakwama. Walicheka mpaka majirani wakatoka kuangalia kuna nini. Hicho ndicho kikawa kikao chake cha kwanza, na kabla ya jioni mpango wa utafiti ulikuwa umeandikwa.

Aliporudi alianzisha Klabu ya Migomba. Kila Jumamosi ya muhula, kwa miaka kumi na miwili, wanafunzi wameondoa maua dume ya migomba kwa kijiti chenye panda ili mnyauko usienee, wakapitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na wakaandika kila kitu kwenye daftari. Mpishi wetu, Mzee Haidari, alimbandika jina la Profesa wa Barafu. Mwalimu alimjibu kwamba barafu haijawahi kuivisha ndizi, na kwamba apunguze maneno pamoja na maji ya maharage. Mgomba wa mwisho kuugua kwenye kibanja, shamba la migomba la shule, uling'olewa mwaka 2019.

Mimi, Sumaiya Jamali wa kidato cha tatu, ni katibu wa klabu hiyo. Nilifika hapa mtoto wa mjini, nisiyejua ua gani hukatwa. Mwalimu alinipa kijiti siku ya kwanza, na siku ya pili akaniambia kwamba ninaweza kuwa mtafiti. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nimekusudia kuwa.

Lakini hadi leo klabu haina mlezi mpya. Mkuu wa shule, Mwalimu Audax, ametueleza kwamba klabu isiyo na mlezi hufungwa, na daftari lake huenda stoo. Nilibisha mlango wake mara tatu. Mara ya tatu alikubali kwamba hata mstaafu anaweza kuwa mlezi, mradi akubali kwa maandishi kabla ya Jumatano.

Mwalimu Judica, asante kwa kila Jumamosi. Tunakuombea afya njema, mikungu mizito kwenye kibanja chako cha Ijumbi, na usingizi wa kutosha siku sita za juma. Jumamosi tarehe 4 Oktoba tutakuja kubisha mlangoni kwako, na daftari tutakuwa nalo. Chini ya ukurasa huu nimeacha mahali pa sahihi. Tafadhali mrudishie ukurasa Joviana, anayegawa ratiba pale mlangoni, kabla hujaondoka leo: je, utakuwa mlezi wetu?