Kurasa Mia na Arobaini Chini ya Chupa ya Chai

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu, habari za asubuhi. Mchungaji amenipa dakika kumi nimshukuru Mungu kwa kumaliza masomo, na ameniomba niseme kwa upole. Nimemwambia nitajaribu. Lakini sitawadanganya mkiwa mmeketi hapa: bado nina hasira, na ushuhuda huu nautoa nikiwa nayo.

Wengi mnanijua. Nafundisha shule ya msingi huku huku Kiseke, mwaka wa kumi na sita sasa. Miaka minne iliyopita nilijiunga na chuo kusoma shahada ya uzamili, masomo ya jioni. Ya darasani niliyamaliza vizuri. Ikabaki tasnifu, yaani ule utafiti unaouandika mwenyewe mpaka unakuwa kama kitabu, na bila huo hupewi shahada. Mimi niliandika juu ya akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja, pale ziwani mitumbwi inaposhusha dagaa, upande wa Igogo. Nilitaka kujua wanasomeshaje watoto kwa kazi ile, wakati wenye mitumbwi ni wanaume, na wao ndio wanaoamua nani auziwe dagaa na nani arudi na beseni tupu. Likizo nzima nilikaa nao mchangani, jua kichwani, nawarekodi kwenye simu na kuandika.

Zikatimia kurasa mia na arobaini. Nikazifunga kwa kamba, nikampelekea msimamizi wangu chuoni. Jina lake silitaji, msiniulize hata nje. Akasema, "Weka hapo mezani, mwalimu. Nitakuita."

Ndugu zangu, nawaambia, hakuniita. Nikipiga simu, yuko safarini. Nikipiga tena, yuko kikaoni. Mwezi wa tatu akapokea, akasema, "Naisoma, nimefika katikati. Una kazi nzuri." Nilifurahi! Nikamwambia mume wangu, "Amefika katikati!" Mume wangu akachinja kuku. Mnacheka, lakini kuku yule tulimla kweli.

Miezi ikafika kumi na minne. Siku moja nikaenda ofisini kwake bila taarifa. Mlango uko wazi, mwenyewe katoka kidogo. Rasimu yangu iko pale pale nilipoiweka, na juu yake pamewekwa chupa ya chai. Nikaiondoa ile chupa. Jalada limejaa alama za duara, moja juu ya nyingine. Nikatazama kamba. Fundo ni langu, nalijua, nililifunga kwa mkono wangu. Halijaguswa. Sasa niambieni, alifika katikati ya nini?

Akaingia. Nikamwambia, "Daktari, hii hujaifungua."

Hakushtuka hata kidogo. Akakaa, akajimiminia chai. "Ninyi watu wazima mkija kusoma mna haraka sana. Umri huo shahada ya nini, mwalimu? Ajira si unayo?"

Na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, ninayesimama mbele ya watoto tisini kila asubuhi, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Samahani, Daktari." Mimi ndiye niliyeomba samahani! Nikaibeba rasimu yangu kifuani, nikatoka. Yeye alinikosea, hilo lina mwenyewe. Lakini ile samahani ni yangu, na inaniuma kuliko yote.

Hapo ndipo nilipoanguka. Barua ikaja kutoka chuoni: muda wangu unakwisha, nimepewa wiki tatu za kuwasilisha, nikishindwa jina langu linafutwa. Nikaikunja, nikaificha kabatini chini ya vitenge. Mume wangu nikamwambia nimeshawasilisha, tunasubiri mahafali. Na hapa hapa, mlango ule pale, mliniuliza, "Vipi chuo?" Nikajibu, "Nimemaliza, Mungu amenisaidia." Mkanipigia makofi. Makofi yale niliyaiba, ndugu zangu. Naomba radhi leo mbele yenu wote.

Uongo ule haukunipa raha. Nyumbani nikawa mtu wa kufoka. Shuleni nilichana daftari la mtoto wa darasa la tatu kwa sababu hakupiga mstari. Alilia kwa sauti, nami nikaendelea kuandika ubaoni kama sikumsikia.

Jumamosi moja nikateremka mwaloni kununua dagaa wa nyumbani. Nikakutana na mama mmoja, mjane, mtu mzima, ambaye nilimhoji siku tatu mfululizo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwalimu, kile kitabu chetu kiko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za msimamizi, za simu, za chupa ya chai. Aliniacha niseme yote, huku anageuza dagaa wake. Nilipomaliza akanyanyuka.

"Mimi nilikueleza jinsi mume wangu alivyozama, na jinsi ndugu zake walivyouchukua mtumbwi kabla hatujaondoa matanga. Sijamwambia mtu mwingine, hata mwanangu. Nilikwambia wewe kwa sababu ulisema utaandika. Leo unaniambia mtu kaweka chai juu yake, na wewe ukaondoka?"

"Sasa mama, ningefanya nini?"

"Sijasoma mimi, usiniulize. Ila kama yeye ameyakalia maneno yetu, na wewe pia umeyakalia."

Sikununua dagaa. Nilipanda ile barabara nimefura kwa hasira. Nikasema moyoni, huyu mama anajua nini habari za chuo? Nilimkasirikia mpaka nafika nyumbani. Nikavua viatu, nikakaa kitandani, na hapo nikakosa wa kumkasirikia. Maana alisema kweli. Maneno yake yalikuwa kabatini kwangu, pamoja na barua, chini ya vitenge.

Nikaitoa barua. Zimebaki siku tisa.

Nikamwita mume wangu, nikamwambia kila kitu. Akauliza, "Kwa hiyo yule kuku tulimchinja bure?" Nikaangua kicheko na kilio pamoja. Akasema, "Haya. Siku tisa si haba. Jumatatu uende."

Jumatatu ofisi zinafunguliwa niko mlangoni kwa mama anayesimamia masomo ya uzamili. Nikaiweka rasimu mezani kwake na duara zake zote. "Naomba msimamizi mwingine. Leo."

"Mwalimu, utaratibu ni uandike barua, halafu kikao kikae..."

"Kikao kitakaa mimi nimeshafutwa. Naomba ufungue hilo fundo, mama."

Alilihangaikia lile fundo kwa kucha, likamshinda. Akachukua mkasi. "Ilikaa kwake muda gani?" Nikamwambia. Akainua simu.

Kufika saa sita nilikuwa na msimamizi mpya, binti ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha kusoma. Akapitia kurasa kadhaa nikiwa nimekaa mbele yake. "Sura ya nne ni mbovu," akasema. "Hawa kina mama umewanyamazisha, umejaza maneno ya vitabuni. Iandike upya."

"Kwa siku saba?"

"Kwa siku nne. Mbili ni zangu za kusoma, ya mwisho ni ya kuchapa na kujalidi."

Mwalimu mkuu akaniruhusu siku nne. Wenzangu wakagawana vipindi vyangu. Wifi yangu akahamia jikoni kwangu bila kuitwa. Alhamisi umeme ukakatika mtaa mzima, katibu wa kanisa letu akanifungulia ofisi yenye sola, nikaandikia pale. Nikasikiliza upya sauti za wale akina mama kwenye simu, nikafuta maneno yangu, nikaweka yao. Kila nilipochoka nilimkumbuka yule bwana na chai yake, vidole vikapata nguvu. Najua siyo maombi, lakini ndivyo nilivyoandika.

Jumatatu saa nane mchana nikafika dirishani na nakala zangu. Mwisho wa kupokea ni saa tisa na nusu. Karani akazipindua, akasema bila kunitazama, "Pambizo ya kushoto ni nyembamba. Karudie kuchapa."

Ndugu zangu, safari hii sikuomba samahani. Nilisema, "Leta rula." Akanitazama. Nikasema tena, kwa sauti ya darasani, "Leta rula, kijana." Akaleta. Akapima ukurasa wa kwanza, wa hamsini, wa mwisho. Pambizo ilikuwa sawasawa. Akagonga mhuri.

Niliitetea tasnifu mbele ya watahini, nikafaulu kwa masahihisho. Nikateremka mwaloni nikamsomea yule mama kwa Kiswahili sehemu inayomhusu. Akanikatisha: "Waliochukua mtumbwi walikuwa watatu, wewe umeandika wawili." Nikasahihisha. Hilo msimamizi yeyote asingelijua.

Nawashukuru. Mume wangu, wifi yangu, walimu wenzangu, katibu, yule mama wa ofisini na mkasi wake, yule binti aliyeniambia ukweli. Mama wa mwaloni hasali hapa, lakini Mungu alimtumia. Na yule mtoto wa darasa la tatu nilimnunulia daftari, nikamwomba radhi mbele ya darasa zima.

Mchungaji, najua unasubiri niseme nimemsamehe yule bwana. Sijafika huko. Niombeeni. Malalamiko nimeyaandika, nimeweka sahihi na tarehe, nayafuatilia, na nadhani mtu anaweza kusamehe huku anafuatilia.

Ninyi mnaosoma, au mna watoto wanaosoma: ukipeleka kazi yako kwa mtu, andika siku uliyoipeleka na umwambie atie sahihi. Akikaa kimya, usikae kimya naye. Na ukianguka, usijifiche hapa kanisani kwa shuhuda za uongo.

Lakini neno langu la mwisho siyo la wanafunzi. Humu ndani kuna maofisa, kuna walimu, kuna wenye meza. Juu ya meza yako kuna karatasi ya mtu. Maombi ya uhamisho, faili la pensheni, chochote kile. Mwenyewe anakupigia simu na wewe unamwambia uko katikati. Kesho ni Jumatatu. Ondoa chai yako, ufungue, usome.