Cuthbert Yelland na Ukuta wa Kaskazini wa Hallowick

Marehemu Cuthbert Ambrose Yelland alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 kijijini Nether Wivel, Somerset, mtoto wa tatu wa Bwana Enoch Yelland, mwashi wa jumba la Hallowick, na Bibi Dorcas.

Alisoma shule ya kanisa papa hapa hadi 1953, kisha akaingia uashi chini ya babake. Wiki ya kwanza alitumwa kuosha madirisha ya ghorofani. Akapanda ngazi na ndoo yake, akakuta matatu ni mawe yaliyopakwa rangi, yamewekwa tu ili pande mbili za jumba zilingane. Aliyaosha vivyo hivyo, maana kazi ni kazi.

Mwaka 1963 alimwoa Bi. Hester Coombes. Msimamizi wake wa harusi alikuwa Percy Stenner, fundi paa wa Hallowick. Yeye na marehemu walikuwa chanda na pete.

Mwaka 1966, kwa haraka ya ujana, marehemu alijaza viungo vya mawe ya ukuta wa kaskazini wa jumba kwa saruji badala ya chokaa. Wazee walimwonya: ukuta wa miaka mia tatu hupumua, usiuzibe pua. Maji yakanaswa ndani, na mwaka 1974 dari ya maktaba, pamoja na maua yake ya plasta, ikaanguka. Lawama zikaenda kwa paa, Percy akafukuzwa. Marehemu alijua, akanyamaza miezi kumi na tisa. Hatulifichi hilo, kwani mwenyewe alikataa lifichwe. Kwenye karamu ya mavuno alisimama mbele ya kijiji kizima: "Paa halina kosa. Ni saruji yangu." Percy aliweka kikombe mezani, akatoka.

Tangu hapo, kila kiangazi baada ya kazi, aliibandua saruji ile kwa tindo na nyundo, akirudisha chokaa. Ilimchukua miaka ishirini na minne. Bi. Hester alikuwa akimtania, "Ungeuoa huo ukuta, mume wangu, mimi nipumzike."

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019. Jumanne, tarehe 4 Februari 2020, Percy, ambaye hakuwa amemsemesha miaka yote hiyo, aliketi kando ya kitanda, kofia magotini.

"Nimepita Hallowick. Nimeushika ukuta kwa ndani. Mkavu."

"Mkavu kweli, Perce? Au unambembeleza mgonjwa?"

"Lini nilikubembeleza wewe?"

Wakacheka, na marehemu akalia. Alifariki Alhamisi, alfajiri.

Ameacha mjane, Bi. Hester, binti, Rosalind, na wajukuu wanne. Wabebaji wa jeneza ni sita. Wa mbele kulia ni Percy, mwenye miaka themanini na mbili. Tumemsihi aketi, amekataa.

Mungu amlaze Cuthbert penye amani.