Mila za Chuo cha Eliaichi

Ndani ya basi la mwendokasi la Kimara, kiti cha mbele yangu, mama wa kitenge alimwonyesha video kwenye simu mama wa baibui aliyeketi naye. "Binti yangu Eliaichi yuko Marekani, chuo cha serikali walichoanzishiwa watu weusi. Ona, wamefunika nyuso, wanakanyaga kwa vishindo. Ati mila ya chuo, anaingizwa udada, chama cha wasichana wa chuo, mengine siri. Si Frimasoni hii? Leo namwambia arudi!"

"Shoga, mie nilichezwa unyago Kunduchi. Siri zake hata mume wangu hajui. Mie Frimasoni?"

"Wewe mamako si alikuwepo! Mie niko huku."

Mie niliyechezwa pia nikainama kuitazama tena ile video. Mara simu ikaita: Eliaichi. Basi likasimama Ubungo, mama wa kitenge akashuka, simu ingali ikiita mkononi.