Wa Kwanza Hayupo

Benchi la kahawa la mtaa wa Rasbura liko hatua kumi kutoka bomba la maji, na kwa miaka kumi na moja Kibwana, msimamizi wa bomba, amelifanya ofisi. Hapa watu hupanga ndoo. Ndoo inakaa kwenye mstari, mwenyewe anakwenda zake. Zamu ikifika na mwenye ndoo hayupo, Kibwana huisogeza pembeni kwa mguu, anachotesha wa nyuma, na mwenyewe akitokea anairudisha pale pale. Hakuna aliyewahi kugombana na mguu ule. Lakini wiki hii kamati ya maji inajaribu programu ya Nusaiba, mpwa wa Kibwana aliyesomea kompyuta: unatuma ujumbe, unaingia foleni, na jina lako likitokea kwenye simu ya bombani unakuja na ndoo yako. Kibwana aliiambia kamati kwamba atafungulia jina linaloonekana, hilo tu. Alisema kwa hasira, na hasira yenyewe alikuwa anaifurahia.

Saa nne asubuhi jina lililoonekana lilikuwa la Hamida. Lilikuwa hapo tangu saa moja. Nyuma yake kulikuwa na watu thelathini na wawili, na maji hukatwa saa tano.

— Mjomba, fungulia wa pili tu.

— Wa pili simwoni. Simu inasema Hamida.

Sadick, anayeitwa Diwani ingawa hajawahi kuchaguliwa, akashauri huyo mtu aondolewe, yaishe. Nusaiba akaeleza kwa mara ya tatu kwamba ameandika klasi moja, yaani kipande cha programu, jina lake Foleni, na kila mtu ndani yake ni kitu chenye jina, namba ya simu na idadi ya ndoo. Klasi hiyo ina kazi mbili: kuweka nyuma na kutoa mbele. Katikati haiguswi, ndiyo maana hakuna anayeweza kumpenyeza shemeji yake.

— Sasa si umtoe huyo wa mbele?

— Nikimtoa, akija ataingia nyuma kabisa. Atakuwa wa thelathini na tatu. Leo hapati maji.

— Kumbe programu yako haina mguu, — Kibwana akasema.

Kibwana akaagiza kahawa nyingine.

Musa muuza kahawa, ambaye kijiwe kinamwita Rada kwa vile hakuna habari inayompita, alimimina taratibu huku akifikiri.

— Mie nawaambieni, Hamida amekaa kwake kusudi. Kaona akishika mbele leo, ni wa mbele mpaka Ramadhani.

— Faida yake nini, na maji hachoti?

— Heshima, Diwani. Watu thelathini na wawili wanakungoja. Wewe nani alishawahi kukungoja?

Diwani akalimeza hilo pamoja na kashata. Kwa maoni yake, simu ya Hamida iko kwa fundi inachajiwa, kwa hiyo aliyeshika foleni ni fundi. Rada akakataa. Programu hizi zinatoka Dar, akasema, na bila shaka hii inamngoja Hamida mwingine, wa huko huko, ambaye muda huu yuko kwenye basi.

— Hilo basi likisimama Somanga njiani, atashuka kula samaki, — Diwani akasema. — Saa tano itampita.

Nusaiba akawaambia programu ameiandika hapa hapa Rasbura, barazani kwa mama yake. Haikusaidia kitu.

— Mashine ikishazoea jina hailiachi, — Diwani akaendelea. — Uchaguzi ukija tutakuta Hamida ndiye mwenyekiti wa mtaa, na hana habari.

Kibwana alicheka mpaka kahawa ikamwagikia msuli aliojifunga. Ilikuwa asubuhi tamu kwake, ya kwanza tangu kamati imwite.

Saa nne na nusu akaja Stefania, mwalimu aliyehamia juzi kutoka Kipatimu, na ndoo tupu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu.

Akauliza mbona bomba limefungwa. Wakamsimulia yote: klasi, mguu, samaki wa Somanga, uenyekiti. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Huyo Hamida ni mtu wa kuchelewa?

— Hamida? — Kibwana akasema. — Miaka kumi na moja ndoo yake ya kijani hutangulia ya kila mtu. Anaishi peke yake pale nyuma ya msikiti, lakini alfajiri keshafika.

— Na nani amekwenda kumwangalia?

Diwani akamtazama Rada. Rada akafunua birika, akachungulia ndani. Nusaiba alikuwa na namba ya Hamida kiganjani tangu asubuhi, na ndiyo kwanza akaipiga. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Kibwana aliona aibu. Alfajiri yoyote kama angekuta ile ndoo ya kijani haipo, angeuliza kabla hata hajafungua bomba. Leo alilitazama jina saa tatu nzima, akawa anacheka. Akainuka, akafungua bomba.

— Wachote, — akamwambia Nusaiba. — Yeye usimtoe.

Akaenda mbio upande wa msikiti. Kandambili ya mguu wa kulia ikamvuka njiani, na hakurudi kuiokota.