Betri Iliyochubuka

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi saa alimrudishia dereva wa lori, jirani yake wa kiti, sigara yake ya umeme. "Ganda la betri limechubuka, kaka. Na hii haina kitu cha kukata umeme. Itakulipukia mfukoni."

"Naisugua vyuma vyake kila Jumapili umeme upite vizuri, ndiyo maana inatoa moshi kama tanuri!"

"Kusugua sawa. Betri ndiyo ubadilishe."

Muuguzi aliyekuwa akisinzia nyuma yao usingizi ukamruka. Mumewe alikuwa na ya aina hiyo hiyo, na jana alilalamika inamchoma paja. Akampigia simu.

"Ile betri? Nimeichomoa asubuhi, mama watoto. Ganda limechanika."

Muuguzi akashusha pumzi mpaka abiria wakageuka. Treni iliposimama, dereva wa lori alikuwa bado anabisha: "Lakini moshi wake si umeuona?"