Mama Kavutha, Ukipigiwa Pokea

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Bi. Kavutha Mutinda anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Sisi wa kitengo cha mahojiano ya simu tumezoea kumwita Mama Kavutha, na hatujui Jumatatu tutamkimbilia nani.

Alianza mwaka 1994 akipita nyumba hadi nyumba kule Muthangari, hojaji za utafiti kwapani. Hadi leo anawataja kwa majina mbwa watatu waliomkimbiza. Enzi hizo, anavyosimulia, ukishafunguliwa geti ulipewa chai kwanza, maswali baadaye. Mimi nimeambulia masimulizi tu, na ninamwonea wivu.

Corona ilipofunga mageti, tukahamia kwenye simu. Kufikia 2022 hali ilikuwa mbaya: katika kila watu kumi, saba walitukatia wakidhani sisi ni matapeli. Wakubwa walituambia wazi kwamba tusipofikisha nusu ya watu wanaotujibu ifikapo Desemba, kitengo kitafungwa na wahoji wote wanane twende nyumbani. Mama Kavutha, msimamizi wetu, alitukaripia kila asubuhi kwamba hatuna adabu ya simu.

Ndipo kompyuta, ambayo huchagua namba bila kujua ni za nani, ikachagua yake. Stacy, aliyekuwa mgeni kazini, hakuitambua. Alimpigia adhuhuri kwa laini ambayo Mama hakuijua, Mama akiwa Ngara akipimiwa kitambaa, akakatiwa kabla hajamaliza kujitambulisha. Alipopiga tena akaitwa mwizi. Mara ya tatu akaahidiwa polisi.

Jioni, Mama akipitia orodha ya waliokataa, akakutana na namba yake mwenyewe. Alicheka hadi machozi, kisha akamwomba Stacy msamaha mbele yetu sote.

Kesho yake akabadilisha kila kitu. Siku moja kabla ya kupigiwa, mtu atumiwe ujumbe wenye jina la mhoji na simu ya ofisi, ahakikishe mwenyewe. Swali la kwanza liwe kama ana nafasi. Akisema apigiwe saa kumi na moja, basi iwe saa kumi na moja kamili. Desemba ilipofika, sita kati ya kumi walikuwa wakitujibu. Hakuna aliyeenda nyumbani. Nilikuwa mmoja wa wale wanane, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa njiani. Sijawahi kukushukuru ipasavyo, Mama. Asante.

Kapumzike nyumbani kwako Mountain View, uwashonee wajukuu, na maisha yakuendee vyema. Umetuomba tusiifute namba yako kwenye orodha, nasi hatutaifuta. Ujumbe utaupata siku moja kabla. Stacy akipiga, tafadhali pokea.

Waithaka, mhoji